“Grief”, “sorrow” au “melancholy”: neno lipi la Kiingereza kwa huzuni nzito?

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utafute “grief”: huzuni. Tafuta “sorrow”: huzuni tena, labda na majonzi pembeni. “Sadness” huzuni, “melancholy” huzuni, “gloom” huzuni. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani anaweza kuvumilia hali hiyo. Asiyeweza ni yule anayetakiwa usiku huu huu kumwandikia rambirambi mfanyakazi mwenzake wa Leeds aliyefiwa na mama, au kutunga tanzia ya Kiingereza kwa gazeti la Nairobi, au kumweleza daktari wa Minneapolis kwamba tangu mwezi uliopita hali wala halali. Kwa mtu huyo maneno haya hayapokezani zamu. Akikosea, msomaji atamwelewa vibaya hata kama sarufi imenyooka.

Mimi huyatenganisha kwa swali moja: huzuni hii imezaliwa na nini? Kama kuna mtu au kitu kilichokuwepo kikaondoka, ni “grief”. Kama haina chanzo unachoweza kukinyooshea kidole, ni “melancholy”. Kama imeshakuwa ugonjwa, ni “depression”. Kama inaonekana kwa matendo, mavazi na siku za kukaa msibani, ni “mourning”. “Sorrow” inapitapita katikati ya hayo yote, na ndiyo inayowasumbua watu zaidi.

Grief na sorrow

“Grief” ni huzuni ya kupotelewa. Mara nyingi aliyeondoka ni mtu, na ameondoka kwa kifo, ingawa Waingereza hulitumia pia kwa ndoa iliyovunjika, mimba iliyotoka, au nchi ambayo mkimbizi anajua hatairudia. Neno lenyewe liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na shina lake ni la Kilatini, “gravis”, yaani kizito. Uzito huo haujaisha. Aliyefiwa huitwa “grief-stricken”, aliyepigwa na “grief”, kana kwamba kimemwangukia kitu kutoka juu. Watoto wengine wa shina hilo tunakutana nao mahakamani: kosa la “grievous harm”, kumdhuru mtu vibaya mwilini, limo katika sheria za kanuni ya adhabu za Kenya na Tanzania. Na “grievance”, lalamiko la mfanyakazi dhidi ya mwajiri, ni la ukoo huo huo.

Kwa Kiswahili jirani yake wa karibu kabisa ni kihoro. Mtu huingiwa na kihoro kwa kufiwa au kupotelewa. Haingiwi na kihoro kwa sababu tu jioni imekuwa ya mawingu. Nasikitika kwamba vijana wengi hawalitumii tena neno hili, wanaishia kwenye “maumivu”, ambayo yanaweza kuwa ya jino.

“Sorrow” ni Kiingereza cha nyumbani, lililokuwepo kabla ya Kifaransa kuingia. Ni ndugu wa neno la Kijerumani “Sorge”, ambalo leo ni wasiwasi, fikira za kuhangaikia jambo. Eneo lake ni pana. “Sorrow” inaweza kutoka kwenye kifo, lakini pia kwenye kosa ulilotenda na huwezi kulifuta, kwenye mtoto aliyepotoka, au kwenye kuitazama dunia tu ilivyo. Haina ule ukali wa siku za mwanzo. Mama aliyemzika mwanawe jana ana “grief”. Miaka 20 baadaye, anapoitaja habari hiyo bila kulia lakini sauti ikashuka, Mwingereza atasema ana “sorrow”. Kwetu tungesema majonzi au simanzi, na washairi wangesema jitimai.

Kuna beti za Shakespeare katika tamthilia yake Macbeth zinazoyaweka maneno haya mawili bega kwa bega. Macduff ameletewa habari kwamba mkewe na watoto wake wote wameuawa, naye amenyamaza kimya. Malcolm anamwambia: “Give sorrow words, the grief that does not speak / Whispers the o'er-fraught heart and bids it break.” Ipe huzuni maneno, kwa maana kihoro kisichosema huunong'oneza moyo uliojaa, kikauamuru upasuke. Tazama kilichofanywa hapo. “Sorrow” ni ile inayoweza kusemwa, kupewa maneno, kutolewa nje. “Grief” ni ile iliyomo ndani ikikandamiza. Ukizibadilisha nafasi, vina havitaharibika, lakini maana italegea.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 20 Septemba 2001. Katika ibada ya kuwakumbuka Waingereza waliokufa New York kwenye mashambulizi ya siku chache kabla, ulisomwa ujumbe wa Malkia Elizabeth uliokuwa na maneno haya: “Grief is the price we pay for love.” Jaribu kuweka “sorrow” mahali pa “grief” uone sentensi inavyopungua nguvu. Bei hulipwa kwa kitu ulichokuwa nacho, na “grief” ndiyo inayomtaja aliyeondoka hata asipotajwa kwa jina.

Tofauti nyingine iko kwenye wingi. “Sorrow” huhesabika bila taabu: “joys and sorrows”, furaha na huzuni za maisha. “Grief” kwa kawaida haihesabiki, na “griefs” utaikuta zaidi kwenye mashairi. Isaya 53:3 katika Biblia ya King James ya 1611 inamtaja “a man of sorrows, and acquainted with grief”. Biblia ya Kiswahili ya Union Version inasema “mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko”. Wafasiri wa Kiswahili waliuona wingi ule wa “sorrows”, na kwa kuwa huzuni kwetu haibadiliki umbo, wakaubeba kwa “nyingi”. Kazi nzuri sana.

Kwenye vitenzi hakuna ushindani. “Grieve” kinaishi, kinatumika kila siku: “She is still grieving.” “Sorrow” kama kitenzi kimezeeka, ukiandika “I am sorrowing” utaonekana umetoka kwenye kitabu cha tenzi. Hata “sorrowful” ina harufu ya mimbari. Katika barua pepe ya ofisini iache.

Sasa ukimwandikia mfiwa uchague lipi? Ushauri wangu ni kuangalia huzuni ni ya nani. “Grief” ni ya mfiwa. Wewe unayetoa pole una “sorrow”, au “sadness” tu. Kwa hiyo “thinking of you in your grief” ni sawa kabisa, na “it was with great sorrow that I heard about your mother” ni sawa pia, ingawa ni ya kirasmi kidogo. Lakini “I share your grief” kwa mtu ambaye mama yake hukuwahi hata kumwona inaweza kusikika kama umejipa kiti cha mbele msibani. Kwetu msiba ni wa wote, jirani analia na mtaa unalia, na hilo ni jambo jema. Ila Mwingereza wa kawaida anaona “grief” kuwa mali ya mtu binafsi, na anaheshimu mipaka yake.

Mourning na bereavement

“Mourning” inafanywa na inaonekana. Kukaa matanga ni “mourning”. Nguo nyeusi ni “mourning”. Bendera ikishushwa nusu mlingoti kwa amri ya rais, hayo ni “national mourning”, maombolezo ya kitaifa. Mtu anaweza kuwa katika “mourning” kwa heshima ya ukoo bila kuwa na “grief” kubwa, na anaweza kubaki na “grief” miaka mingi baada ya matanga kuanuliwa. Eda ya mjane wa Kiislamu, miezi 4 na siku 10, unaweza kumweleza mwajiri wa kigeni kuwa ni “a religious mourning period”. Ukiandika kwamba mama yako “is in grief for four months and ten days” utakuwa umeiwekea tarehe huzuni, badala ya ibada.

“Mourn” pia hubeba yambwa, yaani mtendewa, moja kwa moja: “they mourned their teacher”. “Grieve” mara nyingi hutumia kihusishi: “grieve for”, au “grieve over”.

“Bereavement” ni neno la fomu na barua. Shina lake la kale lina maana ya kunyang'anywa, na sasa linataja hali ya kufiwa tu, bila kusema unajisikiaje. Hilo ndilo neno la kuombea ruhusa: “bereavement leave”, au kama ofisi nyingi za Afrika Mashariki zinavyopenda kusema, “compassionate leave”. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Uingereza, tangu Aprili 2020, mfanyakazi aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 ana haki ya wiki 2. Barua ya namna hiyo inataka uhusiano wako na marehemu, tarehe, na siku unazoomba. “Grief” na “sorrow” hazina kazi humo, na kuziingiza hufanya barua ionekane inaomba huruma wakati unadai haki.

Melancholy na depression

Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alichapisha insha ya kutofautisha kuomboleza na melankolia. Alisema kwamba kwa anayeomboleza, dunia ndiyo iliyobaki tupu. Kwa mwenye melankolia, aliyebaki mtupu ni yeye mwenyewe. Utabibu umepiga hatua nyingi tangu hapo, lakini kwa mtu anayechagua maneno mstari huo bado unasaidia.

“Melancholy” ni Kigiriki: nyongo nyeusi. Waganga wa kale waliamini mwili una majimaji manne, na nyongo nyeusi ikizidi mtu huwa mnyonge na mwoga. Mwaka 1621 mchungaji wa Oxford, Robert Burton, aliliandikia neno hili kitabu kinene ajabu, na wakati wake lilikuwa jina la ugonjwa. Leo limelainika. Linataja huzuni isiyo na haraka wala machozi, karibu tamu, ya kusikiliza mvua au udi unaopigwa taratibu. Muziki unaweza kuwa “melancholy”, jioni inaweza kuwa “melancholy”, shairi pia. Sijaona neno moja la Kiswahili linaloibeba hali hiyo sawasawa. Ukiwa linakaribia, ila lina upweke mkavu zaidi.

Kwa sababu ya utamu huo, usilipeleke msibani kamwe. Kumwambia mfiwa unasikitika kwa ajili ya “your melancholy” ni kumwambia kwamba kilio chake ni hali ya hewa.

“Depression” limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kukandamiza chini. Kwenye mazungumzo watu hulitupa ovyo, “I'm so depressed”, timu ikifungwa. Hospitalini ni ugonjwa. Tanzania umezoeleka kuitwa sonona. Kwingine utasikia unyogovu, na wengi husema msongo wa mawazo, ambao kwa kweli ni kitu kingine, “stress”. Madaktari wanataka dalili zilizodumu angalau wiki 2, karibu kila siku: moyo kushuka au kukosa hamu ya chochote, pamoja na mengine kama kukosa usingizi au kuzidisha, kuchoka, kujilaumu, kushindwa kula, kushindwa kufikiri, kuwaza kifo. Hojaji ya maswali 9 inayotumika sana Uingereza na Marekani, PHQ-9, inauliza hasa juu ya wiki 2 zilizopita.

Hapa naomba nikae kidogo, maana neno likikosewa mbele ya daktari gharama yake ni kubwa kuliko aibu. Sisi huzuni tunaisema kwa moyo na kwa mawazo. “Moyo unaniuma.” “Nina mawazo mengi.” Mzee aliyehamia kwa wanawe ughaibuni akizitafsiri neno kwa neno, “my heart hurts” itampeleka kupimwa mapigo ya moyo, na “I have many thoughts” haitampeleka popote; daktari ataidhania ni sifa. Maneno wanayoyatumia wenyewe ni mepesi kuliko tunavyodhani: “I've been feeling very low.” “I can't sleep.” “I don't enjoy anything any more.” Kama kuna aliyefariki, litajwe wazi: “My wife died in March and I am grieving.” Hapo “grief” inafanya kazi ya kitabibu, kwa sababu daktari anahitaji kujua kama anatazama kihoro, au sonona, au vyote viwili kwa pamoja.

Tangu 2022 imeongezwa pia hali inayoitwa “prolonged grief disorder”, kihoro kilichokwama. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka iwe imepita angalau miezi 12 tangu kifo kwa mtu mzima. Ule wa Shirika la Afya Duniani unaanzia miezi 6. Dalili zinatazamwa pia dhidi ya mila za mgonjwa, kwa hiyo mweleze daktari kwamba kwenu kuna arobaini, kuna eda, kuna kumbukumbu ya mwaka. Asije akaihesabu dua ya hitima kuwa dalili.

Na kama mtu anawaza kujiua, asitafute neno la staha. “I am having thoughts of ending my life” inaeleweka mara moja. Marekani namba ya kupiga ni 988, Uingereza ni 116 123.

Yaliyobaki, kwa haraka

“Misery” ni mateso yanayoendelea, na mara nyingi yana umaskini, ugonjwa au baridi ndani yake. Kambi ya wakimbizi ina “misery” hata kwa asiyefiwa. “Despair” ni kukata tamaa kabisa, na shina lake la Kilatini linasema hivyo hivyo: tumaini limeondolewa. “Woe” imebaki kwenye mashairi na maandiko. Ni ile ole ya “ole wenu, waandishi na Mafarisayo”. “Anguish” ni ya kipekee: ni mateso makali ya moyo, na asili yake ni wembamba, kubanwa. Dhiki yetu nayo imetoka kwenye Kiarabu cha ufinyu. Unapotafsiri “anguish”, anza na dhiki au uchungu kabla ya kukimbilia huzuni.

Sad, sorry, na tanzia

Wapenda maneno makubwa huiruka “sad”, na hapo ndipo wanapokosea mara nyingi zaidi. “I was so sad to hear about your father” ina joto kuliko “profound sorrow”, kwa sababu ndivyo rafiki anavyozungumza. Viongozi na mashirika hupenda “deeply saddened”, na imetumika mno hadi imekuwa muhuri. Mtu anayemjua mfiwa aiache.

“Sorry” haitokani na “sorrow”, ingawa zinafanana kama mapacha. Imetoka kwenye neno la kidonda, “sore”. Sisi tunaifanya iwe pole: mtu akijikwaa tunasema “sorry”, naye Mwingereza anashangaa, kwani si wewe uliyemkwaza. Msibani, hata hivyo, “I'm so sorry for your loss” inaeleweka na inatosha. Iandike yote. “Sorry” peke yake kwenye ujumbe wa simu inasikika kama mtu aliyepita mlangoni bila kuingia kukaa.

Tanzia ni mahali pa “sorrow” kwa haki yake. “It is with deep sorrow that we announce the passing of…” ni sentensi iliyokomaa, na magazeti ya Kenya yanaichapa sambamba na ile ya “humble acceptance of God's will”. Familia inazungumza na umma, kwa sauti iliyotulia. “Grief” ingeuweka uchungu wa ndani mbele ya watu wasiojulikana, kwa hiyo hata wafiwa wenyewe huiacha.

Wanaotafsiri kuja Kiswahili wana mitego yao. “Good grief!” ni mshangao tu, kama “lo!” au “jamani!”. “He gave me grief about it” maana yake alinisumbua na kunilaumu. Mpango ulio“come to grief” umeharibika, hakuna aliyekufa. Anaye“drown his sorrows” yuko baa. Na kwenye maandishi ya zamani “sorrow” inaweza kuwa maumivu ya mwili kabisa: Mwanzo 3:16 ya King James inasema “in sorrow thou shalt bring forth children”, na Union Version haikudanganyika, ikaandika “kwa utungu utazaa watoto”. Ukikutana na “sorrow” ya karne ya 17, soma kwanza kinachotendeka kwenye sentensi, ndipo uandike huzuni.